Eligosi Akaribishwa Ndani ya Duara

Tangu niumbwe, au tangu nianguke, maana mambo hayo mawili siku hizi nayachanganya, hakuna aliyewahi kuniuliza habari za safari. Kuniita huniita. Jamani, watu wanajua kuita! Huchora duara sakafuni kwa chaki, hujifungia humo ndani na mishumaa yao na vitabu vyao, kisha husoma majina yangu kwa sauti ya mtu anayezungumza na mkwewe kwa mara ya kwanza. Mimi huko niliko hunyakuliwa kama kuku wa sadaka. Najikuta nimesimama nje ya duara, juu ya farasi, mkuki mkono wa kulia, bendera begani, nyoka kajiviringisha mkono wa kushoto. Nimetoka mbali. Farasi anahema. Na huyo aliyeniita, sharubu zikimcheza, swali lake la kwanza ni lile lile la babu yake: nitashinda?

Jina langu Eligosi. Katika vitabu vingine vya Wazungu wa kale wameniandika Abigori, na kote naitika, sina makuu. Nina majeshi sitini ya giza chini yangu, ingawa sijawahi kuyaona yote kwa pamoja na sijui yanakula wapi. Kazi yangu ni kujua vita kabla havijaja. Najua vitaanza lini, askari watakutana wapi, na nani atalala chali akitazama mawingu mpaka mawingu yamchoke. Naweza pia kumfanya mfalme ampende mtu, lakini hiyo kazi siipendi, mapenzi ya wafalme hayafiki Ijumaa. Sheria yangu ni nyepesi. Nikiwa nje ya duara nikaulizwa, lazima niseme kweli. Nikishasema, aliyeniita husoma maneno ya kuniruhusu kuondoka, nami huondoka papo hapo, hata kama mvua inanyesha.

Basi nimeishi hivyo, kama kuishi ni neno lake. Nimezijua nyumba za watu kwa nje tu. Mtu ananiuliza juu ya wapanda farasi elfu nne, na mimi macho yangu yako nyuma ya bega lake, kwenye mlango uliobaki wazi kidogo, ambako mwanamke anamchana mtoto nywele na mtoto analia. Nakwambia, nimewahi kusahau mwisho wa vita vizima kwa kutazama sufuria inavyofunikwa. Kitu ninachokitamani ni kidogo hadi naona haya kukitaja. Natamani kukaa. Kukaa tu, chini, matako yaguse mkeka, mtu aseme sogea kidogo nipite, nami nisogee. Miaka elfu ya kusimama, ndugu yangu. Miguu haiumi, mimi sina miguu ya kuuma, lakini kitu fulani kinauma.

Na kuna swali. Kila pepo ana swali lake linalomla, langu ni hili: mimi naviona vita, au vita vinakuja kwa sababu nimevisema? Zamani, katika nchi ya baridi ambako maji hugeuka mawe, bwana mmoja mwenye ngome aliniuliza atakutana wapi na adui yake. Nikamjibu: kivukoni, Jumanne, ukungu ukianza kunyanyuka. Adui naye alikuwa na mchawi wake, na mchawi huyo naye akaniita mimi, maana niko mmoja na wateja ni wengi. Nikamjibu: kivukoni, Jumanne, ukungu ukianza kunyanyuka. Wote wawili wakapeleka watu wao. Wakakutana, bila shaka. Pale kivukoni siku zote palikuwa na vyura na kina mama wanaofua. Nisingesema, pangebaki na vyura na kina mama wanaofua? Lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Watu huutaja msemo huo wakicheka, mie hunitoa jasho.

Halafu nikaitwa katika mji usio na jina.

Niliposimama niliona kwanza jua. Lilikuwa utosini, na halikuwa na nia ya kuondoka hapo. Baadaye nilielezwa kwamba tangu lilipobandikwa tangazo la vita, mji mzima ulikuwa umekwama saa sita ya mchana. Hakuna aliyekuwa na kivuli. Siku zilihesabiwa kwa mapishi: ukishakula mara tatu, umelala ukaamka, hiyo siku. Watu walikwisha kuzoea. Watu huzoea kila kitu, na hilo ndilo jambo lao linalonitisha.

Nilikuwa uani kwa mtu. Mbele yangu palikuwa na duara, lakini halikuwa la chaki. Lilichorwa kwa unga wa muhogo, na kuku mmoja alikuwa ameshaanza kulidonoa. Ndani ya duara kulitandikwa mkeka, na juu ya mkeka alikaa mwanamke wa makamo, miwani imefungwa kwa uzi, amezungukwa na marundo ya nguo za rangi ya vumbi. Alikuwa anashona. Hakuinua hata uso.

"Mbona umesimama mlangoni kama polisi?" akasema. "Hata hodi hupigi?"

Nilitazama nyuma kuona anasema na nani.

"Wewe, wewe mwenye farasi. Ingia ndani, jua litakuua. Karibu."

"Mlango uko wapi?" nikauliza. Sauti yangu huangusha vyungu, lakini siku hiyo ilitoka ndogo.

Akaonyesha mstari wa unga kwa sindano. "Si huo hapo? Farasi mwache nje. Na hilo joka lako libaki huko huko, nina vifaranga."

Mwitaji hamwingizi pepo ndani ya duara. Hilo hata wanafunzi wajinga kabisa wanalijua, duara ndilo ngao yao. Nilimwuliza mama huyu nani aliyemfundisha kuniita. Akachomoa chini ya mkeka karatasi iliyokunjamana, bado inanukia tangawizi. Mwenye duka alimfungia tangawizi kwa ukurasa wa kitabu cha zamani, akamwambia ni wa kumwita pepo ajuaye vita; lugha yenyewe mama haijui, lakini kulikuwa na picha: mstari wa mviringo, mtu yumo ndani, na nje yuko mpanda farasi mwenye mkuki. Chini ya picha ilichorwa alama yangu, ambayo naye aliichora kwa unga.

"Nimeitazama sana hii picha," akasema. "Nikaona ni nyumba, na mgeni yuko nje anangoja. Nikasema, hawa watu wana malezi gani? Mtu katoka safari, wanamwacha juani! Mwenyeji naye kasimama tu, mdomo wazi."

Nimesomwa na maaskofu waasi na madaktari wa nyota. Hakuna aliyeuelewa ukurasa ule vibaya namna hiyo, wala vizuri namna hiyo. Niliteremka. Mkuki nikausimika ardhini, bendera nikaitundika juu yake, nyoka nikamweka kwenye tandiko. Nikainua mguu nikauvusha mstari wa unga. Nilitegemea kuungua. Nikaambiwa nivue viatu.

Nikakaa.

Nisikilize, wewe unayesoma na umekaa, labda umekaa tangu asubuhi na wala hujui kama umekaa. Mkeka una mabonde madogo madogo. Ukikaa, yanakuchora mapajani. Nilikaa nikachorwa.

"Habari za safari?" akauliza, akinimiminia chai ya tangawizi.

"Nzuri," nikasema.

Nikakiweka kikombe chini. Safari ilikuwa mbaya. Njia ya kutoka kwetu ni baridi na ina vilio pande zote, na farasi wangu aliteleza mara mbili. Nami nimesema nzuri! Miaka elfu sijawahi kusema neno lisilo kweli mbele ya aliyeniita, ulimi wenyewe ulikuwa haugeuki, na leo umegeuka kwa ajili ya salamu. Ndipo nikaelewa. Humu ndani sheria haikunifunga. Mgeni anaweza kudanganya.

Jina lake lilikuwa Mwanamkasi, watu wakimwita Bi Mwanamkasi. Mumewe alikufa zamani, kwa homa, wala si vitani. Alikuwa na mtoto mmoja, Kombo, kijana wa miaka ishirini aliyekuwa kambini juu ya kilima na wenzake, wakifundishwa kutembea wote kwa mguu mmoja kama watu wasio na shughuli. Jeshi lilimpa Bi Mwanamkasi kazi ya kushona mashati ya askari. Mashati yakikamilika, wanaondoka. Kwa hiyo alikuwa akishona polepole. Alikuwa akishona kishimo cha kifungo, akikitazama, akikifumua.

"Lakini nimebakiza kumi na moja," akasema. "Hata nikifumua, jana walikuja kuyahesabu. Nakuuliza basi, bwana mgeni. Mwanangu atarudi?"

Nilimwona Kombo hapo hapo. Mimi kesho huiona kama mtu aonavyo ua wa jirani. Alikuwa amelala kwenye tope la ukingo wa mto, shati kifungo chake cha tatu rangi nyingine, mdomo wazi kidogo, kama anayetaka kuuliza njia. Niliona na inzi.

"Bi Mwanamkasi," nikasema haraka, "mgeni huulizwa maswali siku ya kwanza?"

Akaweka mkono mdomoni. "Astaghafiru. Kweli, nimekosa adabu. Ni roho tu, baba, roho haina subira. Kunywa chai."

Nikanywa chai. Nilikuwa nimejifunza hila ya kwanza ya viumbe wenye nyumba, yaani kuahirisha.

Siku ile ya kwanza nilikula muhogo wa kuchemsha. Siku ya pili nililala, nikaota, na katika ndoto mimi nilikuwa Bi Mwanamkasi na yeye alikuwa juu ya farasi, akiniambia habari za mto. Niliamka nikishika miwani ambayo sikuwa nayo. Siku ya tatu alinitupia shati.

"Mgeni siku mbili," akasema. "Jembe sina. Shika sindano."

Mkono uliozoea mkuki haujui kuingiza uzi kwenye tundu. Alinicheka mpaka akalia. "Pepo zima! Lowesha uzi mate kwanza, wewe!" Nikalowesha. Nikashona kishimo changu cha kwanza, kimepinda kama mdomo wa mtu aliyenuna. Lakini kadiri nilivyoshika yale mashati ndivyo nilivyowaona wenyewe. Hili lingetobolewa chini ya kola. Hili lingevuliwa na mtu mwingine, akalivaa, likatobolewa yeye akiwa ndani. Hili lingerudi zima na mwenyewe angerudi mzima, asizungumze tena na mkewe. Nilishona tundu za vifungo nikiona tundu nyingine ambazo hazijawa. Zamani niliona majeshi, na jeshi ni kitu rahisi, ni kama mchele, nani anaijua punje? Ila shati lina mikono miwili. Mtu amepimwa. Nikasukuma kikombe, nikamwambia Bi Mwanamkasi tangawizi imezidi.

Akanitazama juu ya miwani. Hakuwa mjinga hata kidogo.

"Shati la mwisho ni la Kombo," akasema. Akalikunjua magotini. Alikuwa amelishona yeye mwenyewe kuanzia mwanzo, na vifungo vya jeshi vilipomwishia alitia cha tatu kutoka kwenye gauni lake la zamani, cha buluu. "Siku tatu zimetimia. Umekula, umelala, umefanya kazi. Sasa wewe ni mtu wangu. Niambie."

Haya. Hapa ndipo nilipofika, mimi Eligosi, mbele ya macho mawili na shati moja.

Nikisema hatarudi, nimesema kweli, na kwa kusema nimempigilia Kombo msumari. Atafichwa chini ya kitanda, atakimbizwa kwa mjomba, na njia ya kwa mjomba itapita mtoni. Nimeyaona hayo mara ngapi? Mara zote.

Nikisema atarudi? Ulimi wangu sasa unaweza. Lakini niliwahi, kule kwenye nchi ya baridi, kumwambia mtu neno hilo, na lilikuwa kweli tupu. Alirudi. Wanne walimbeba juu ya ubao. Vita vina namna zao za kutimiza maneno, na neno likitoka kwangu huenda kwao kwanza, kwa sababu huko ndiko linakojua njia.

Nikinyamaza, ataujua ukimya wangu. Mama hujua.

Na mimi je? Maana sikuwa namfikiria Kombo peke yake, niseme nini, mimi si malaika. Nikimjibu, kazi imekwisha. Atanifungulia mlango, aseme ahsante, nami nitarudi kusimama. Nilitaka kukaa. Nilitaka kukaa kwenye mkeka ule hadi unga uishe na kuku waishe na jua lichoke. Nilimpenda, mkitaka niseme hivyo. Niliupenda mkono wake unavyokata uzi kwa meno ingawa mkasi upo. Nikaona kwamba yeye anacho kitu ambacho mimi na majeshi yangu sitini hatukuwa nacho. Yeye alikuwa akimngoja mtu. Mimi nisingeweza kumngoja yeyote, anayejua hangoji, anayejua huketi tu na maiti zake mapema. Kile nilichokuwa nikikitamani kwenye milango ya watu karne zote, nyuma ya mabega yao, kumbe kilikuwa hicho. Watu wa ndani walikuwa hawajui. Ndiyo maana walifunika sufuria, chakula kisipoe, huenda mtu akaja.

"Nakungoja," akasema Bi Mwanamkasi.

"Sijui," nikasema.

Niliukusudia uongo. Mungu wangu niliyemwacha ni shahidi, niliusema kama uongo wa kawaida, wa mtu anayetaka kubaki. Lakini nisemalo huwa. Neno lilipotoka tu mdomoni, mto ukafutika. Tope, inzi, mdomo wazi, vyote. Nikautafuta uso wa Kombo nikakuta giza la kawaida, lile ambalo kila mtu analo akifumba macho. Nikatafuta vita vya mwaka kesho, vya karne ijayo, sikukuta hata moshi. Nje farasi alilia mara moja. Nilipogeuka palikuwa na alama za kwato tu, na pale nilipousimika mkuki palikuwa na mti mkavu uliosimama peke yake. Na kwa mara ya kwanza tangu tangazo, kuku wa Bi Mwanamkasi alikuwa na kivuli, kirefu kidogo upande wa mashariki. Jua lilikuwa linashuka.

Yeye hakuyatazama hayo. Alikuwa amesimama.

"Hujui?" akasema. "Umekunywa chai yangu siku tatu, hujui? Si ungesema siku ile ya kwanza? Afadhali ungeniambia anakufa, ningelia nikajua nalia nini! Pepo gani wewe? Pepo wa kazi gani?"

Alichukua ufagio akaufagia unga wote, duara lote, kwa hasira, vumbi likamwingia machoni, au alisingizia vumbi. Lilipokwisha, hapakuwa na ndani wala nje. Nilikuwa mtu aliyekaa kwenye mkeka uani kwa watu. Nilingoja anifukuze. Alikaa chini, akakata uzi wa shati la Kombo kwa meno, akalikunja.

"Nisaidie kubeba," akasema.

Askari wakaondoka kesho yake. Mji mzima ulisimama barabarani, mimi miongoni mwao, nikisukumwa na viwiko vya watu. Kombo alipita safu ya tatu, nikamtambua kwa kifungo. Alikuwa anacheka na mwenzake, hakutuona. Bi Mwanamkasi alinishika mkono ghafla, kwa nguvu, kama mtu anayevuka maji. Mkono ulikuwa wa baridi.

Halafu ikaja kazi ngumu kuliko zote nilizowahi kufanya. Wanasema ngoja ngoja huumiza matumbo. Mie nilikuwa nadhani ni maneno tu ya kuchangamsha barza, kumbe ni taarifa ya daktari. Linakushika hapa, chini ya mbavu, ukisikia hatua. Kila hatua. Mbwa akibweka unasimama. Mvua ikinyesha unafikiri na kule inanyesha. Tulipika vya watu watatu. Tuligombana, akisema mimi nakoroma, nami nikisema yeye anaongea na chungu. Usiku nilijaribu kukumbuka ule mto, nione tu mara moja, nijue, nipumzike. Haukuja. Niliwakumbuka wale wote waliosimama mbele yangu ndani ya maduara yao, sharubu zikiwacheza, na mimi nikawadharau kwa swali lao moja. Niwie radhi, bwana wa ngome. Niwieni radhi wote. Sikujua kuuliza kunauma namna ile.

Mashati yalianza kurudi kabla ya watu, yamefuliwa vibaya, kwa ajili ya kushonwa tena. Bi Mwanamkasi aliyashika moja moja akitazama kifungo cha tatu. Nilimwomba siku moja nimsaidie kutazama, yeye apumzike. Alikataa. Tukatazama wote. Sikuona chochote ndani ya yale mashati, wala wenye nayo, wala mwisho wao. Niliona damu ya mtu nisiyemjua, nikaisugua kwa majivu.

Baadaye watu nao wakaanza kurudi, wawili, watatu, kwa miguu. Nyumba ya pili ilipata mmoja kati ya wawili. Nyumba ya kona haikupata. Kelele zao zilikuwa za namna mbili, na kwa mbali hazitofautiani, unangoja ya pili kutoka kwenye koo hilo hilo ndipo unajua.

Ilikuwa asubuhi ya saa nne hivi, nimeshika mwiko, Bi Mwanamkasi anapepeta mchele. Mtu alisimama mwanzo wa ua. Mwembamba, ndevu zimeota ovyo, mkono wa kushoto umefungwa kitambaa kifuani na kitambaa kifupi mno kwa mkono mzima. Hakuwa na shati lile, alivaa koti la mtu mwingine. Nilimtazama nikatafuta kwenye kichwa changu kama ndiye. Sikujua. Nilisimama na mwiko wangu, nisijue.

"Mama," akasema.

Ungo ulianguka. Sitaeleza yaliyofuata, si yangu. Mchele tuliuokota hadi jioni.

Ni baadaye kidogo, mama yake alipomwachia, ndipo Kombo aliponiona. Alinitazama kuanzia miguuni, mtu mzima nimevaa kanga ya mama yake kiunoni, unga hadi kwenye nyusi. Uso wake ulikuwa umejifunza kutomwamini mtu. Nilitaka kukimbia. Nilifikiri sasa mama atanitaja, atasema huyu ndiye aliyejua vita vyenu vyote, aliyeviona kabla yenu na akaviuza kwa wafalme. Na lingekuwa kweli.

"Mama, huyu nani?"

Bi Mwanamkasi alipangusa uso kwa upande wa leso.

"Huyu? Huyu hajui kitu, mwanangu," akasema. "Tulikuwa tunakungoja naye."

Kombo akanitazama tena. Kisha akainamisha kichwa.

"Shikamoo," akasema.

Wafalme wamenipigia magoti, maaskofu wamelamba vumbi mbele yangu. Kuamkiwa, sijawahi. Nilichelewa kujibu hadi mama mtu akanigusa kwa kiwiko.

"Marahaba, baba," nikasema, nikageukia jiko, maana machozi yalikuwa yanatoka na sikujua yanafutwaje.